Ukoko wa Meneja Kiboko

Naleta ngano.

— Ilete tuipepete.

Ina makapi.

— Tutayapuliza.

Ina na chembe.

— Hiyo tutaitafuna.

Basi sogeeni. Anayesinzia asogee zaidi.

Hapo kale, lakini si kale sana maana ofisi zilikuwa zimekwisha kuwepo, ukame uliingia katika bonde la wanyama ukakaa miaka miwili. Wazazi wengi walikwenda kutafuta maji, hawakurudi. Watoto wakabaki; mvua ilirudi, mto ukajaa, lakini nyumba zilikuwa hazina chakula. Wanyama wema wa ng'ambo ya milima waliposikia habari hizo, walituma magunia ya mchele, madebe ya mafuta, chumvi, na sufuria moja kubwa ambalo kondoo angeweza kulala ndani akajinyoosha. Walisema: wapikieni yatima, kila mtoto sahani moja kila siku.

Ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Sahani ya Huruma. Meneja akachaguliwa Kiboko, kwa sababu alikuwa na mdomo mkubwa, na wanyama walidhani mwenye mdomo mkubwa atawasemea vizuri.

Kiboko akafungia magunia ghalani. Ufunguo akauvaa shingoni. Kisha akabandika tangazo mlangoni: Anatakiwa mpishi. Chakula kitaanza kutolewa mpishi akipatikana. Mwombaji aje na vyeti vyake, mchele wake, nazi yake na kuni zake, apike tuone.

Tangazo likakaa mwezi wa kwanza. Likakaa wa pili. Likakaa wa tatu, mpaka jua likafuta nusu ya maneno. Kila wanyama wema walipouliza habari za yatima, Kiboko aliwaandikia kwamba kazi inaendelea vizuri, bado anasaili.

Katika bonde hilo aliishi Sange. Kama humjui Sange, ni mnyama mdogo wa kukaa kiganjani, miguu kama njiti, pua ndefu isiyotulia. Alikuwa darasa la tano wazazi wake walipokwenda na wasirudi. Alifunga madaftari yake kwa kamba, akayapandisha darini, akashika mwiko wa mama yake. Alikuwa na wadogo wawili, Pili na Tatu, na madaftari hayaliwi.

Sange alijua kupika. Narudia, alijua. Palipokuwa na harusi alikwenda kuitwa yeye, palipokuwa na msiba alikwenda kuitwa yeye. Alinusa mvuke tu akajua maji yaliyobaki. Wali wake ulichambuka punje moja moja, na chini yake ulishika ukoko wa rangi ya asali, mkavu, unaovunjika kacha, kacha.

Nyumbani kwake ilikuwapo sheria moja, ileile ya nyumba zote za bonde: mla ukoko ndiye muosha sufuria. Pili na Tatu waligombania ukoko kwa makucha, kisha wakakimbiana kwenye kuosha. Siku moja Tatu, kwa uroho, alitumbukiza kichwa kizima ndani ya sufuria ili alambe pembe zote. Masikio yalilala wakati wa kuingia. Yalipofika ndani yakasimama, na kichwa kikagoma kutoka. Sange alimtoa kwa maji ya sabuni, akimzungusha polepole, na Pili alicheka mpaka akaanguka.

Lakini hayo yalikuwa mambo ya wakati kuna mchele. Sasa walikula mizizi asubuhi na mizizi jioni. Tumbo la Tatu likaanza kuvimba, na manyoya yake yakageuka rangi ya kutu. Sange alijua maana yake. Somo hilo lilikuwa la darasa la nne, nalo alikuwa amelisoma.

Basi akaamua kwenda kuomba kazi. Akipata kazi, ghala litafunguliwa. Ghala likifunguliwa, Tatu atakula.

Lakini hakukimbilia mlangoni. Alikwenda kwanza kwa waliotangulia. Nje ya ofisi ya shirika palikuwa na gogo, na juu ya gogo walikaa waombaji wa zamani wakisubiri majibu: Kanga, Nungunungu na Kobe. Sange aliwaamkia mmoja mmoja, akakaa chini, akawauliza usaili wao ulikwendaje.

Kanga alieleza kwamba yeye alikuja na vyeti vitatu na mchele aliokuwa ameuweka kwa ajili ya arobaini ya marehemu mumewe. Akapika. Kiboko akaonja. Akaonja tena. Akaonja mpaka chini. Kisha akafunga faili, akasema, "Tutakuita."

Nungunungu alikuja na barua ya mwalimu wake na nazi nne. Kiboko alimuuliza udhaifu wake ni upi, naye, kwa kuwa ni mkweli, akajibu ni miiba. Kiboko akaandika. Nungunungu akapika. Kiboko akaonja. Akaonja tena. Akaonja mpaka chini. Kisha akafunga faili, akasema, "Tutakuita."

Kobe alitembea siku nne kuja kwenye usaili. Alipika, akaambiwa amefaulu hatua ya kwanza, arudi kwa hatua ya pili na mchele zaidi. Alirudi. Akaambiwa kuna hatua ya tatu. Alipika mara tatu, Kiboko akaonja mpaka chini mara tatu, kisha akasema, "Tutakuita." Kobe alisema hana kinyongo, kusubiri kwake si kazi ngeni.

Kanga akamtazama Sange kuanzia pua mpaka mkia. "Na wewe mdogo wangu, umejiandaa na nini?"

"Sina mchele, dada. Nina mwiko."

Walicheka. Nungunungu alicheka mpaka miiba yake ikalia chaka, chaka, chaka. Sange hakukasirika. Alisubiri wamalize, akauliza swali moja: je, Meneja alikula na ukoko?

Kanga alisema alikwangua mpaka sufuria likapiga kelele. Nungunungu akakumbuka kwamba kwake alilalamika, akasema ukoko ni mtamu lakini ni kidogo mno.

"Nani aliosha sufuria?" Sange akauliza.

 Kanga alisema ni yeye. Nungunungu akasema ni yeye. Kobe akasema ni yeye, mara tatu.

Pua ya Sange ikacheza, kushoto, kulia. Akasimama, akawaaga, akaomba kesho wamsaidie kuni.

Asubuhi alipiga mswaki, akachana manyoya, akaenda na mwiko wake begani. Akabisha, ko, ko, ko. Kiboko alikuwa ameketi nyuma ya meza, na meza ilikuwa imepinda kwa uzito wa viwiko vyake. Alimwambia akae. Kiti kilikuwa kirefu, Sange akapanda kwa kurukia, akatua.

Kiboko akataka vyeti.

"Sina, Mheshimiwa. Niliishia darasa la tano."

Kiboko akatikisa kichwa kwa huzuni ya ofisini. Akamuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Sange akasema hajahesabu miaka, amehesabu sufuria. Akamuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Sange akasema jikoni, pale pale, ila wadogo zake watakuwa wakubwa. Kiboko akaandika neno moja kwenye faili, akalipigia mstari.

"Huna cheti, huna uzoefu," akasema. "Mchele wako uko wapi?"

"Sikuleta."

"Nazi?"

"Sikuleta."

"Binti, umekuja kwenye usaili au umekuja kunisalimia?"

Mgongo wa Sange ulikuwa wima. Aliuweka mwiko mezani. Akamweleza Meneja, kwa adabu na bila haraka, kwamba cheti chake ni ule mwiko. Ampe mwenye vyeti gunia la mchele, na ampe yeye gunia, halafu awaulize walaji. Mchele hakuleta kwa sababu wenzake walileta vibaba, wakapika kwenye visufuria, na Mheshimiwa akapata ukoko wa kujaza kiganja. Ukoko wa kiganja si ukoko, ni kumchokoza mtu.

Kalamu ya Kiboko ikasimama.

"Endelea," akasema.

Sange akaendelea. Akasema ukoko wake haushiki kwenye kisufuria. Unataka lile sufuria kubwa la shirika na gunia zima. Unataka moto wa kuni kwanza, kisha moto unapunguzwa, kisha makaa yanapaliwa juu ya kifuniko, wali unashikwa chini na juu. Ukiinua kifuniko, harufu inatembea mpaka mlimani. Na chini kabisa, mzima kama kapeti, mwekundu kama asali, mnene kama kidole cha Mheshimiwa mwenyewe, ukoko. Ukiuvunja unalia kacha. Ukiutafuna unalia kacha, kacha.

Glup. Kiboko akameza mate, na dirisha likatetemeka.

Akavua ufunguo shingoni.

Basi ghala likafunguliwa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, na ufunguo ukarudi shingoni mwa Kiboko. Kanga alileta kuni. Nungunungu aliburuta gunia. Kobe alianza kuleta maji mapema, kwa hiyo yalifika kwa wakati. Sange akapanda juu ya jiwe ili aufikie mdomo wa sufuria, akapika. Mafuta yakalia chwaa. Mchele ukaingia shaaa. Maji yakatokota, toko, toko, toko. Alikoroga mara moja tu, maana wali haupendi kusumbuliwa. Alinusa. Akapunguza kuni. Alinusa tena. Akapalia makaa. Wale watatu waliokuwa wamemcheka jana walisimama kimya wakimtazama, na Kanga akajikuta anasogea karibu ili ajifunze.

Wali ukaiva. Kifuniko kikainuliwa. Kiboko akaja na sahani yake, ambayo ilikuwa karai.

Sange akaweka mwiko juu ya mdomo wa sufuria. "Mheshimiwa, wapi utaanzia?"

Kiboko akasema ataanzia juu, ataishia chini, kama siku zote.

"Sawa," akasema Sange. "Mimi nilifikiri unautaka ukoko."

Kiboko akasema anautaka, tena wote.

Sange akamwonea huruma kwa sauti. Akamwambia huu wali si wa kibaba, ni wa gunia. Ukianzia juu, ukifika katikati tumbo limekuwa ngoma. Ukifika chini, ukoko utautazama tu kwa macho. Na ukikawia, mvuke wa wali utaulainisha, utakuwa kama kitambaa kilicholowa. Ukoko unataka tumbo tupu na sufuria lililofunuliwa upesi. Yeye ni mpishi tu, hana amri. Mwenye amri ni Meneja.

Kiboko akautazama wali, mlima mweupe. Akaufikiria ukoko chini yake. Akakuna tumbo. Akatazama huku, akatazama kule, akitafuta nani awezaye kuuondoa wali upesi.

"Wale yatima," akasema, "wako wapi?"

"Wako nje ya uzio, Mheshimiwa. Wana miezi mitatu hapo."

"Waite wote. Waambie wale haraka."

Hakuna aliyehitaji kuitwa mara mbili. Walikuja watoto sitini, wa manyoya na wa magamba na wa mabawa, wakajipanga. Sange akapakua. Tatu alikuwa wa arobaini na mbili kwenye foleni, na tumbo lake lilikuwa limemtangulia. Sange alimwona. Mkono ulitaka kumvuta mbele. Hakumvuta. Alipakua sahani ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, zote sawa, na ilipofika ya arobaini na mbili akampa Tatu sahani sawa na ya wengine, akamwambia atafune polepole. Tatu akala. Sange akageuza uso kwenye moshi, akasema moshi wa leo unauma macho.

Kiboko alizunguka nyuma yao akiwahimiza. Kuleni, wanangu. Ongezeni, wanangu. Mbona mnachelewa? Kwa mara ya kwanza tangu shirika lizaliwe, meneja alifanya kazi yake, na aliifanya kwa bidii.

Punje ya mwisho ikaondoka. Sufuria lilikuwa limepoa. Chini kabisa, mzima kama kapeti, mwekundu kama asali, ukoko. Sange hakuwa amesema uongo hata neno moja.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema, akashuka jiweni.

Kiboko hakungoja upawa. Alitumbukiza mdomo, akatumbukiza pua, akatumbukiza kichwa. Masikio yake yakalala, yakapita. Kacha, kacha. Kacha, kacha. Alikwangua kwa meno, akalamba pembe zote. Kacha. Kisha kimya. Alikuwa ameshiba na amefurahi, akainua kichwa ili ajifute mdomo.

Sufuria likainuka pamoja naye.

Akatikisa, gwangala. Akatikisa tena, gwangala, gwangala. Masikio yalikuwa yamesimama ndani. Akagonga meza, akagonga mlango, akagonga gogo la waombaji, nalo likapasuka katikati. Kutoka ndani ya sufuria ikatoka sauti nene kama ya pipa: nitoeni.

Kanga akamtazama Nungunungu. Nungunungu akamtazama Kobe. Wote wakamtazama Sange, na Sange akasogea mpaka karibu na ukingo wa sufuria.

"Mheshimiwa, usaili wangu hatujaumaliza. Nimepata kazi?"

 Mazoea ni mazoea. Sauti ikatoka: "Tutakuita."

"Hewala," akasema Sange. Akageuka kuwatazama wenzake. "Meneja anaomba atolewe. Tumwambie nini?"

Kanga alijibu wa kwanza, bila kupaza sauti, kama mtu anayefunga faili. "Tutakuita."

Nungunungu akasema, "Tutakuita."

Kobe alichelewa, lakini alifika. "Tutakuita. Na kuna hatua ya pili."

Wakakaa chini kusubiri. Kiboko akatikisa, gwangala. Wakasubiri. Jua likapanda, na sufuria likaanza kupata joto. Wakasubiri. Mwishowe sauti ikatoka tena, safari hii kubwa, ya kuvuka bonde zima na kupanda mlima. Ikaita: "Sange. Sange mpishi. Sange mpishi wa yatima."

Watoto sitini walisikia. Ng'ambo ya milima walisikia. Neno lililosemwa ndani ya sufuria halirudi tumboni.

"Naam," akaitika Sange. "Na ufunguo?"

"Chukua."

Akaruka, akauvua shingoni mwa Kiboko, akauvaa yeye. Ulimfika magotini. Akauvaa hivyohivyo. Kisha akaleta maji ya sabuni, akayamimina kwenye ukingo, na wote wakashika sufuria na kulizungusha polepole, polepole, mpaka likasema plop.

Kiboko akatokea, macho mekundu, punje moja ya wali kwenye kidevu. Alivuta pumzi ili aseme jambo la kimeneja. Lakini Tatu, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshiba kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, alikuwa na la kusema, maana sheria ya ukoko ilimuumiza yeye siku nyingi. Akaanza, na wenzake wakadakia, wakipiga sahani:

Mla ukoko, mla ukoko,
sufuria ni lako, sufuria ni lako.
Mla ukoko, mla ukoko,
mto uko huko, mto uko huko.

Kiboko aliutazama uso mmoja mmoja. Hakuna hata mnyama mmoja wa bonde lile asiyeijua sheria hiyo, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akaliinua sufuria, akashuka nalo mtoni kimya kimya, akaosha.

Kesho yake Sange alipika tena. Kanga akawa mpalia makaa, Nungunungu mtunza ghala, na Kobe akapewa kazi ya kupeleka barua ng'ambo ya milima, zitafika. Watoto wakala. Baada ya hapo Sange akamkwangulia Kiboko ukoko wote, akauweka kwenye karai lake, kwa heshima. Kiboko aliapa hataula. Akaunusa. Kacha. Akashuka mtoni na sufuria. Na kesho yake tena, na kesho yake tena.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hushinda majini. Watu husema anaogopa jua. Anaosha sufuria. Na ukimwona ametoa kichwa, amefumbua mdomo wote, usiseme ana usingizi, anauliza kama wa leo umeshaiva. Na Sange mpaka leo pua yake haitulii, maana ana wali jikoni.

Madaftari? Aliyashusha darini. Tatu ndiye anayeyatumia, na jioni Sange humsahihisha kwa mwiko.

Sasa mafunzo, maana ngano bila mafunzo mnasema mmeibiwa. Ukienda kwenye usaili, nenda na vyeti vyote, nenda na mchele wako, nenda na nazi nne. Usimjibu mkubwa. Usimuulize mkubwa. Ukiambiwa utaitwa, nenda nyumbani ukakae kimya, usubiri, kwa kuwa wakubwa hawasahau. Sange hakufanya hata moja kati ya hayo, na mmeona yaliyompata: tangu siku hiyo hajapumzika.

Ngano yangu nimeitwanga, nimeichekecha, nimeiivisha. Wali mmekula ninyi.

— Na ukoko?

Ukoko uko chini ya sufuria. Anayeutaka, mto uko huko.